Maana ya "Kununua" katika Michezo ya Kompyuta Ichezwayo kwa Mbali

Mwezi wa Septemba 2024 Gavana wa jimbo la California, nchini Marekani, alitia sahihi sheria ambayo kiini chake ni kitenzi kimoja. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, yamkataza mwuzaji wa vitu vya kidijiti, kama vile vitabu, filamu na michezo ya kompyuta, kutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nunua" iwapo mteja hapewi umiliki kamili wa kile akilipiacho. Akitaka kuyatumia, hana budi kwanza kumweleza mteja waziwazi kwamba apewacho ni leseni, yaani ruhusa yenye masharti yake.

Si mara nyingi baraza la kutunga sheria huketi kujadili maana ya kitenzi. Kwa kawaida kazi hiyo huachiwa watunga kamusi. Lakini katika biashara hii maana ya neno ilikuwa imekwisha kuhama, na watu waliokuwa wakilipa fedha zao hawakuarifiwa. Makala haya yakusudia kueleza kuhama huko kwa kuutazama mfano ulio wazi kuliko mingine, nao ni michezo ya kompyuta ichezwayo kwa mbali, ambayo wenye biashara huiita michezo ya "wingu". Kwanza itaelezwa jinsi michezo hiyo inavyomfikia mchezaji. Kisha yatapimwa yale ayakosayo mchezaji huyo akilinganishwa na mwenzake aliye na mchezo wake mwenyewe. Na mwisho litatafutwa neno la Kiswahili lifaalo kulitaja jambo lenyewe.

Njia tatu za kuupata mchezo

Mchezo wa kompyuta, au gemu kama uitwavyo na vijana wa mijini, ni programu, na programu yaweza kumfikia mtu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kitu kishikikacho: katriji au diski. Mnunuzi hulipa dukani, hukichukua kitu mkononi na kwenda zake. Katriji ya Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1985, ikitiwa leo katika mashine yake iliyo nzima, huanza kucheza bila ya kumwuliza mtu ruhusa. Njia ya pili ni ya kupakua: programu husafirishwa kwa intaneti, ikahifadhiwa ndani ya mashine ya mchezaji, na kuanzia hapo huendeshwa na mashine hiyo hiyo.

Katika njia ya tatu mchezaji hapokei programu yoyote. Programu hukaa na kuendeshwa ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa iliyo katika jengo la kampuni, pengine katika nchi nyingine kabisa. Mchezaji abonyezapo kitufe cha pedi yake, habari ya kubonyeza huko husafiri kwa intaneti mpaka kwenye seva. Seva huchora picha mpya, huibana ili iwe nyepesi, kisha humrudishia mchezaji kama kipande cha filamu. Na kazi hiyo aghalabu hufanyika mara 60 kwa kila sekunde. Kilicho nyumbani kwa mchezaji ni kioo na pedi tu.

Faida ya njia hii ya tatu ni kubwa, wala haifai kuifunika. Mashine ya kuchezea ya PlayStation 5, ilipotoka mwezi wa Novemba 2020, ile yenye nafasi ya diski iliuzwa Marekani kwa dola 499.99, na kila mchezo ulikuwa na bei yake mbali. Mchezaji wa wingu hahitaji mashine hiyo. Kompyuta kuukuu, televisheni au hata simu yamtosha, wala hangoji saa nyingi mchezo upakuliwe. Ni dhahiri basi kwamba wenye biashara hawakubuni jambo la upuuzi. Swali ni kwamba mteja ametoa nini badala ya unafuu huo, na kama aliambiwa.

Kuwa na kitu

Katika usemi wa kila siku Kiswahili hakitumii kitenzi cha pekee chenye maana ya kuwa na kitu, kama wafanyavyo Waingereza na Wafaransa. Mswahili husema yu "na" kitu: nina kitabu, ana ng'ombe, tuna mashua. Kiungo -na ni kile kile kitumikacho katika "Juma na Ali" au "nilikwenda naye". Kwa hiyo, kwa asili ya sarufi yetu, aliye na kitu ni yule aliye pamoja nacho. Akiulizwa kitabu kiko wapi, hujibu, "Ninacho". Na jibu hilo lina maana mbili kwa pamoja, ya kwamba ni chake na ya kwamba anaweza kukitoa sasa hivi.

Hapa mtu aweza kuleta hoja ya kupinga. Mtu aliyeketi Dar es Salaam husema, "Nina shamba Pemba", na shamba haliko naye. Hoja hiyo ni ya kweli, na yatusaidia kuona vizuri zaidi. Mwenye shamba Pemba husema "nina" kwa sababu akitaka kwenda huenda, na akifika hakuna awezaye kumzuia kwa haki. Basi umbali peke yake si kitu. Kinachopima umiliki ni kama pana mtu mwingine awezaye kumzuia mwenye mali asiifikie mali yake.

Mila za visiwa vya Unguja na Pemba zimelijua jambo hili kwa undani. Huko mti waweza kuwa wa mtu mmoja, na ardhi uliposimama ikawa ya mtu mwingine. Mwenye mnazi asiye na ardhi huitwa mwenye mnazi kweli, lakini ni kwa sababu ana njia ya kuufikia: mwenye ardhi hana haki ya kumzuia asiangue nazi zake. Kama njia hiyo ingekuwa ya hiari ya mwenye ardhi, leo afungue na kesho afunge, hakuna mzee wa mji ambaye angekubali kwamba mtu yule ana mnazi.

Mchezaji wa wingu yumo katika hali hiyo ya mwisho. Mchezo aliolipia umesimama katika ardhi ya kampuni, na masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe huipa kampuni uwezo wa kufunga lango.

Habari za OnLive na Stadia

Lango hilo limekwisha kufungwa zaidi ya mara moja. Huduma ya OnLive ilifunguliwa Marekani mwezi wa Juni 2010, nayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza michezo kwa njia hii. Mteja aliweza kulipia mchezo mmoja mmoja ili aucheze kutoka katika seva za OnLive. Tarehe 30 Aprili 2015 huduma hiyo ilifungwa, na hataza zake zikanunuliwa na kampuni ya Sony. Waliokuwa wakiicheza michezo yao humo siku ya tarehe 29 hawakuwa na pa kuichezea tarehe 1 Mei.

Mtu angeweza kusema kwamba OnLive ilikuwa kampuni changa, na kwamba kampuni kubwa isingefanya hivyo. Tarehe 19 Novemba 2019 kampuni ya Google, ambayo ni miongoni mwa kampuni tajiri kuliko zote duniani, ilifungua huduma yake iliyoitwa Stadia katika nchi 14 za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Palikuwa na ada ya mwezi ya dola 9.99 kwa waliotaka picha bora na michezo ya nyongeza. Lakini michezo mingi mikubwa iliuzwa mmoja mmoja, kwa bei zinazolingana na zile za diski dukani. Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Mteja hakutozwa bei ya kukodi. Alitozwa bei ya kununua, na neno aliloliona kwenye kioo lilikuwa la kununua.

Mwezi wa Februari 2021 Google ilitangaza kwamba inazifunga karakana zake yenyewe za kutunga michezo ya Stadia. Tarehe 29 Septemba 2022 ikatangaza kwamba huduma yote itafungwa, na tarehe 18 Januari 2023 ikafungwa. Tangu kufunguliwa hata kufungwa ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi miwili.

Haki ya Google isemwe pia. Kampuni hiyo iliwarudishia wateja fedha za michezo waliyoinunua katika duka la Stadia, pamoja na fedha za vifaa vilivyonunuliwa katika duka lake, ingawa ada za mwezi hazikurudishwa. Pia ilitoa njia ya kuziwezesha pedi zake zitumike na mashine nyingine. Ni wachache wangetazamia wema huo, na hakuna sheria ya biashara hii inayomhakikishia mteja wa huduma nyingine kwamba naye atatendewa vivyo hivyo. Lakini hata wema huo wafundisha jambo. Mtu akirudishiwa bei ya kitu bila yeye kuomba, naye kitu hana tena, mauzo yamevunjwa na upande mmoja. Mwenye duka la vitabu hawezi kuingia nyumbani mwa mteja usiku, akachukua kitabu alichouza miaka mitatu nyuma, na kuacha fedha mezani. Na akifanya hivyo ataitwa mwizi hata kama hesabu ya fedha ni kamili.

Pamoja na michezo vilipotea vingine visivyolipika. Mchezo mkubwa huchezwa kwa mamia ya saa, na maendeleo ya mchezaji huhifadhiwa hatua kwa hatua. Katika michezo mingine ya Stadia hatua hizo ziliweza kuhamishwa kwenda kwenye mashine nyingine; katika mingine hazikuweza. Tena ilikuwako michezo iliyotungwa kwa ajili ya Stadia peke yake. Mmoja wao, Gylt, ulihamishwa na watungaji wake na kutolewa kwa mashine nyingine mwaka 2023. Mwingine, Outcasters, haukupata bahati hiyo. Hakuna diski yake kabatini mwa mtu yeyote, kwa sababu haikupata kuwako diski.

Kuondolewa kwa mchezo mmoja mmoja

Si lazima huduma nzima ife ndipo mteja apate hasara. Mwezi wa Februari 2020 kampuni ya NVIDIA iliwafungulia watu wote huduma yake ya GeForce NOW. Huduma hiyo haiuzi michezo. Humkodisha mteja kompyuta ya mbali ili aendeshe humo michezo aliyokwisha kuinunua katika maduka mengine. Katika mwezi huo huo michezo ya kampuni ya Activision Blizzard iliondolewa kwa matakwa ya kampuni hiyo, na mingi ya Bethesda ikafuata. Baadhi ya michezo ya Activision ilianza kurudi mwaka 2023 tu, baada ya mapatano mapya.

Yafaa kuangalia ni nani aliyeumia. Aliyekuwa na kompyuta yenye nguvu nyumbani aliendelea kucheza kama kawaida, kwa kuwa alikuwa na nakala yake na mashine yake. Aliyetegemea wingu alibaki na risiti. Hawa wawili walikuwa wamelipa bei ile ile kwa mchezo ule ule. Na mapatano yaliyomnyima mmoja wao mchezo wake yalikuwa baina ya kampuni mbili, na yeye hakuwamo.

Bei nayo haimo mikononi mwa mchezaji wa wingu. Aliyenunua diski amemaliza kulipa. Alipaye kwa mwezi huanza upya kila mwezi, na kwa bei itakayokuwako mwezi huo. Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilipandisha ada ya Game Pass Ultimate, ambayo ndani yake mna huduma ya kucheza kwa wingu, kutoka dola 19.99 hadi dola 29.99 kwa mwezi nchini Marekani. Nayo ni dola 359.88 kwa mwaka. Asiyekubali huacha kulipa, na siku aachapo, miaka yote aliyolipa haimwachii hata mchezo mmoja.

Haki za mwenye nakala

Tofauti baina ya nakala na ruhusa ina historia ndefu katika sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya kuchapa vitabu ya Bobbs-Merrill ilitoa riwaya iitwayo The Castaway, na ndani yake ikapiga chapa ilani kwamba bei ni dola moja, na kwamba hakuna mfanyabiashara aliyeruhusiwa kuiuza kwa chini ya hapo. Wenye duka la Macy's la New York waliiuza kwa senti 89. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1908 mahakama iliamua kwamba mwenye haki ya kunakili akiisha kuuza nakala, hana tena mamlaka juu ya jinsi nakala ile itakavyouzwa baadaye. Maandishi yaliyopigwa ndani ya kitabu hayawezi kumfuata mnunuzi maisha.

Kutokana na kanuni hiyo zilipatikana haki ambazo watu wengi huzitumia bila kuzitaja: kuuza kitu kikiisha kutumika, kumwazima rafiki, kutoa zawadi, kurithisha. Biashara yote ya diski za mtumba yasimama juu yake. Katika miji ya Tanzania na Kenya viko vyumba vya gemu ambamo vijana hulipa kwa mechi au kwa muda, na mwenye chumba ana televisheni, mashine na michezo yake. Intaneti ikikatika, vijana wawili walioketi bega kwa bega huendelea na mechi yao ya mpira. Diski ikichosha wateja, mwenye nayo huiuza na kuongeza fedha kidogo akapata nyingine. Mtaji wake umo chumbani, na aweza kuuhesabu kwa kidole.

Katika mchezo wa wingu haki hizo nne hazina pa kushika. Hakuna nakala, kwa hiyo hakuna cha kuuza, cha kuazima, cha kuzawadia wala cha kurithisha. Kanuni ya mwaka 1908 haikufutwa na mtu. Imekosa tu kitu cha kuisimamia.

Gharama ya njia

Yako pia mambo yasiyotokana na sheria wala na tabia ya kampuni, bali na maumbile. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa mbali wa kilomita 7,000, habari ya kitufe huchukua milisekunde 35 kufika, na picha huchukua 35 nyingine kurudi. Jumla ni 70, kabla ya kuhesabu muda wa kuchora, kubana na kufungua picha, wala mizunguko ya waya. Kwa kuwa picha moja kati ya 60 za sekunde hudumu kama milisekunde 17, mchezaji huyo huona ulimwengu uliokwisha kupitwa na picha nne. Katika mchezo wa karata hilo si neno. Katika mchezo wa ngumi au wa mpira, mpinzani amekwisha kupiga. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa methali hiyo yaweza kupimwa kwa saa.

Kadhalika kuna uzito wa data. Google ilishauri mteja wa Stadia awe na kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde, na megabiti 35 kwa picha iliyo bora kuliko zote. Megabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 4.5 kwa saa; megabiti 35 ni gigabaiti 15.75. Diski ya Blu-ray yenye tabaka mbili huchukua gigabaiti 50. Kwa hiyo mchezaji wa picha bora, akicheza saa tatu na robo hivi, huwa ameteremsha data ya kuijaza diski nzima. Na kabla saa ya nne haijaisha huwa amekwisha kuanza diski ya pili. Mwenye kupakua hulipia mzigo huo mara moja tu, na mchezo hubaki. Mchezaji wa wingu huulipia kila aketipo, na akizima kioo hakuna kilichobaki. Kwa anunuaye data kwa vifurushi vya simu, kama wafanyavyo watu wengi wa Afrika Mashariki, tofauti hii huenda ikaumiza kuliko bei ya mchezo wenyewe.

Tena njia yenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, zikiwamo Tanzania na Kenya. Stadia haikuwa imepata kufunguliwa katika nchi yoyote ya Afrika, kwa hiyo hakuna mteja wake aliyeumia hapa. Lakini atakayeleta huduma ya namna hiyo huku, ataijenga juu ya nyaya hizo hizo.

Je, diski yatosha?

Ingekuwa si haki kumwacha msomaji akidhani kwamba kila mwenye diski yu salama. Diski hukwaruzika na mashine hufa. Tena kampuni zimekwisha kujifunza kuuza diski iliyo ganda tupu. Mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka mwaka 2014, na diski zake ziliuzwa madukani. Lakini mchezo haukuweza kuendeshwa bila kuungana na seva za kampuni. Seva hizo zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, diski zilibaki mikononi mwa watu bila kazi. Wachezaji walianzisha harakati za kutaka kampuni zilazimishwe kuiacha michezo katika hali ya kuchezeka wakati wa kuifunga, na mwezi wa Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja.

Mfano huu hauudhoofishi ule wa wingu; waonyesha mahali penye ugonjwa wenyewe. The Crew ulikufa kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa kwa kampuni. Mchezo wa wingu wote uko kwa kampuni.

Hasara hii humpata pia mtu ambaye hajazaliwa. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa matokeo ya uchunguzi wake uliofanywa pamoja na Software Preservation Network, ikaonyesha kwamba kati ya kila michezo 100 iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, kama 87 haipatikani tena katika biashara ya kawaida. Mingi ya hiyo yaweza kuchunguzwa na wanahistoria kwa sababu tu watu waliweka katriji na diski zao makabatini. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaijua hali hii: tenzi nyingi za zamani tunazo leo kwa kuwa nakala za hati zilikaa katika nyumba za watu, Lamu na kwingineko, bila kumtegemea mtunzi au tajiri wake. Kazi ambayo nakala yake iko mahali pamoja tu, hufa siku mahali hapo pafungwapo.

Neno lifaalo

Yabaki kutafuta jina. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mali inayohama mikono, na kila kimoja kina mpaka wake. Anunuaye hulipa na kitu huwa chake. Akodiye baiskeli au mashua hulipa, hupewa kitu chenyewe, kisha hukirudisha. Apangaye hulipia chumba na kukaa humo kwa muda. Aazimaye halipi, lakini hurudisha kitu kile kile. Akopaye fedha hurudisha mfano wake. Hakuna katika hivi kitenzi kinachomwelekea mchezaji wa wingu barabara, kwa kuwa hata mkodi wa baiskeli hukabidhiwa baiskeli. Aliye karibu naye kuliko wote ni mtu aliyelipa kiingilio cha sinema: ameingia, ameona, ametoka, na mkanda wa filamu umebaki kwa mwenyewe.

Kulipa kiingilio si jambo baya. Watu hulipa kila siku kwa radhi, kwa kuwa wanajua wanalipia nini. Ubaya huanzia pale kiingilio kitozwapo kwa bei ya mkanda na kuitwa kwa jina la mkanda. Pwani hii iliwahi kuona jambo la namna hiyo. Katika karne ya 19 mwenye shamba la karafuu aliyehitaji fedha aliweza kufanya na mkopeshaji mkataba ulioitwa bei khiyari: shamba "liliuzwa", kwa sharti kwamba akirudisha bei ile katika muda wa mapatano, shamba hurudi kwake; na mara nyingi aliendelea kukaa humo akilipa kodi. Jina lilikuwa la mauzo, ilhali tendo lilikuwa la mkopo wenye rehani. Lakini pande zote mbili zilijua vema nini kimefanyika nyuma ya jina lile. Mnunuzi wa mchezo wa Stadia mwaka 2019 hakuwa na ujuzi huo, isipokuwa kama alisoma masharti yote.

Kwa hiyo, katika tafsiri za programu na maduka ya intaneti zinazoandikwa sasa kwa Kiswahili, neno "nunua" laweza kuwekewa kipimo kilicho rahisi. Ikiwa mteja, baada ya kulipa, aweza kukata intaneti na bado akatumia alicholipia, basi amenunua. Ikiwa hawezi, basi kitufe na kiandikwe "lipia", au "lipia matumizi", au kwa huduma ya mwezi, "lipa ada". Sheria ya California nayo imeupiga mpaka karibu na hapo hapo, kwa maana haivigusi vitu ambavyo mteja aweza kuvipakua na kuvitumia daima bila intaneti. Watunga sheria wa California hawakijui kiungo -na cha Kiswahili, lakini wamefika mahali pale pale: aliyenunua ni yule awezaye kusema, bila kuomba ruhusa ya mtu, "Ninao."